Mpanda hadi Karema, Pamoja na Wazee wa Herufi

Mpanda

Reli inayofika Mpanda haikuwekwa kwa ajili ya abiria. Ilichepushwa Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuyafuata madini ya risasi ya Uruwira, na mgodi ulipofungwa, ikabaki kubeba watu, mpunga, mahindi, asali na tumbaku. Ukitoka Tabora, miombo hukupokea mapema na haikuachi: mninga, mtundu, msasa, kisha mbuga za mto Ugalla zenye majani marefu na ndege wengi, kisha miombo tena mpaka uone mabati ya Mpanda yaking'aa. Njia nzima nilikuwa nasoma habari za marabi wa kale, wazee wa Kiyahudi walioishi katika nchi ya Israeli karne za mwanzo baada ya Kristo. Nilikuwa nimefikia mafundisho yao juu ya herufi, na sikuweza kukiweka kitabu chini.

Kwa wazee hao herufi haikuwa alama ya sauti tu. Walifundisha kwamba ulimwengu uliumbwa kwa kauli kumi, na waliowafuata wakaongeza kwamba Bezaleli, fundi aliyejenga hema la ibada jangwani, aliiweza kazi ile kwa sababu alijua kuziunganisha herufi zilizoumba mbingu na nchi. Rabi Akiva, aliyekufa mikononi mwa Warumi karibu na mwaka 135, alitafuta maana hata katika vitaji, yale mapambo madogo yaliyochongoka kama miiba ambayo mwandishi wa Torati huyachora juu ya baadhi ya herufi. Kisha kikatokea kitabu kifupi kiitwacho Sefer Yetzirah, kilichozigawa herufi 22 za Kiebrania katika mafungu matatu. Tatu ni mama, zenye hewa, maji na moto. Saba ni za sayari na siku za juma. 12 zilizobaki ni za miezi ya mwaka. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa akiangalia juu na kuona alfabeti.

Mpanda ni mji wa watu waliokuja na waliokuwepo: Wafipa kutoka kusini, Wasukuma na ng'ombe wao, Waha kutoka Kigoma, pamoja na Wabende, Wakonongo na Wapimbwe wenye nchi. Tangu Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, hapa ndipo makao makuu, na mji umejaa pikipiki na majengo mapya. Sokoni asali ya miombo inauzwa katika chupa za maji ya kunywa, nzito, yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mwenye duka alinionjesha kwenye kiganja cha mkono na kunitaka nitofautishe ya mwaka huu na ya mwaka jana. Nje ya duka lake lilisimama lori la mahindi, na juu ya kioo mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe namba 786.

Dereva aliniambia hiyo ni Bismillahi, na kama nilitaka zaidi ya hapo nimuulize ustadhi. Nikaenda alasiri ile ile.

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, wakiimba alifu, be, te. Ustadhi aliwaacha wakiendelea, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa mpangilio mwingine kabisa: alifu, be, jimu, dali. Huo ndio mpangilio wa abjadi. Alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ye ambayo ni 10. Kafu ni 20, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni 1,000. Jumlisha herufi zote za Bismillahi Rahmani Rahimi, utapata 786. Nilimwomba chaki, nikaandika kando herufi za marabi: alefu 1, beti 2, gimeli 3, daleti 4, yodi 10, kafu 20, mpaka tavu, 400. Ustadhi alizifuata kwa kidole moja baada ya moja. Herufi 22 za mwanzo za abjadi zina thamani zile zile za Kiebrania; Kiarabu kimeongeza sita mwishoni, zinazoanzia 500.

Nilimpa mfano wanaousimulia marabi. Katika Mwanzo 14, Abrahamu anawafukuza wafalme akiwa na watu 318 wa nyumbani mwake. Marabi wakasema huenda alikwenda na mmoja tu, mtumishi wake Eliezeri, kwa sababu jina la Eliezeri lina thamani hiyo. Ustadhi hakukubali bila kuhesabu. Akaandika kwa Kiarabu: alifu 1, lamu 30, ye 10, aini 70, ze 7, re 200. Akajumlisha pembeni ya ubao, akapata 318, akapiga mstari chini yake mara mbili. Watoto walikuwa wameacha kuimba zamani.

Mtoto wa kike wa mbele akauliza ipi ni sahihi, ile ya alifu, be, te au hii ya alifu, be, jimu. Ustadhi alicheka, nami nikakumbuka kisa cha Hillel, mmoja wa wazee wale wa Kiyahudi. Mtu alimjia akitaka kufundishwa maandiko tu, bila mapokeo ya wazee. Hillel akamfundisha alefu, beti, gimeli, daleti. Kesho yake akamfundisha kinyumenyume. Yule mtu akalalamika kwamba jana haikuwa hivyo, na Hillel akamwonyesha kwamba hata kuijua alefu alikuwa ametegemea mdomo wa mwalimu. Nilimsimulia binti yule, naye akamtazama ustadhi kwa macho mapya kidogo.

Tulipobaki wawili, ustadhi alisema neno ambalo naliunga mkono. Kuna watu huzitumia hesabu hizi kuwauzia wagonjwa karatasi, na mwenye shida hulipa alichonacho. Kwake yeye abjadi ni heshima kwa neno la Mungu, na anayeigeuza kuwa bidhaa ameiba. Akanieleza pia usemi wa masufi kwamba siri yote ya kitabu imo katika Bismillahi, na siri ya Bismillahi imo katika nukta iliyo chini ya be. Torati nayo inaanza na beti. Nilimwahidi kuyafikiria hayo njiani.

Katumba

Katumba ilifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, wakati huo ikiwa miombo mitupu, na mbung'o wengi. Walipewa ardhi na majembe, wakakata miti, na baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Leo ni nchi ya mihogo, migomba, tumbaku na makanisa. Hutembei mbali bila kusikia kwaya ikifanya mazoezi.

Mama aliyenikaribisha alikuwa ameandaa ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese na kisamvu kilichotwangwa hadi kikalainika kabisa. Kabla hajatupakulia, alijaza bakuli, akalifunika kwa sahani, akampa mjukuu wake na kumwagiza apitie nyuma ya migomba, asipite barabarani. Nilipouliza, alisema jirani yake ni mjane na hapendi watu waone akiletewa.

Nilishika kijiko bila kula. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kuna simulizi la watoto waliofika katika nyumba ya mafunzo na kueleza herufi kwa namna iliyowashangaza wakubwa. Walisema gimeli ni mtu mkarimu na daleti ni maskini. Kwa nini mguu wa gimeli umenyooshwa kuelekea daleti? Kwa sababu mkarimu humkimbilia maskini. Na kwa nini uso wa daleti umegeukia upande wa pili? Kwa sababu apewe kwa siri, asiaibike. Nilimchorea mama zile herufi mbili kwenye daftari. Aliziangalia, akasema, "Hao watoto walilelewa vizuri," akaniambia nile kabla chakula hakijapoa.

Mzee wa nyumba hakuwa amesema mengi. Baada ya kula alihamia kwenye kivuli, nami nikamfuata, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza habari za herufi, akanieleza za kwake. Mwaka 1972 alikuwa mwanafunzi. Yaliyotokea Burundi mwaka ule yanajulikana: uasi wa mwezi wa Aprili ulijibiwa kwa mauaji yaliyomaliza zaidi ya watu laki moja, wengi wao Wahutu, na waliotafutwa kwanza walikuwa wenye elimu. Walimu, makarani, mapadri, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Orodha zilisomwa madarasani.

"Walianza na walimu," mzee alisema. "Baba akaniita usiku. Akasema, mwanangu, ukikutana na askari, wewe hujui kusoma. Madaftari yangu tukayafukia chini ya mgomba. Nilivuka mpaka nikiwa sijui kusoma."

Nilimsimulia Rabi Hanina ben Teradion. Baada ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba kuzimwa mwaka 135, Warumi walipiga marufuku kufundisha Torati. Hanina aliendelea kuwakusanya watu na kufundisha hadharani, gombo likiwa mapajani mwake. Walipomkamata walimviringishia gombo lile lile, wakamwashia moto, na kifuani wakamwekea sufu iliyolowa maji ili asife upesi. Wanafunzi wake wakamuuliza anaona nini. Akajibu kwamba ngozi inaungua, ila herufi zinaruka juu.

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Zikatua wapi?"

Nikamwambia kisa hakisemi.

"Zangu zilitua hapa," akasema, na kuonyesha uwanja uliokuwa mbele yetu. Walipofika hapakuwa na shule wala vitabu. Aliwakusanya watoto wa majirani jioni, baada ya kukata miti, akawaandikia a, e, i, o, u ardhini kwa kijiti. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi wanaanza upya.

Tangu siku ile nawasoma marabi kwa namna nyingine. Nilikuwa nikidhani mafumbo yao ya herufi ni anasa ya watu wenye muda. Lakini tazama walikuwa wapi. Mwaka 70 Hekalu la Yerusalemu lilichomwa. Madhabahu, makuhani, sadaka, sikukuu za kupanda mlimani, vyote vilikwisha. Rabi Yohanan ben Zakkai aliwaomba Warumi wamwachie mji mdogo wa Yavne na wenye hekima wake, na humo wakaketi kufundishana. Herufi ndicho kitu kitakatifu walichoweza kutoka nacho, kwa sababu haikuhitaji kubebwa mkononi. Watu waliopoteza nyumba ya Mungu waliitafuta ndani ya alefu na beti, wakakuta ina vyumba vingi. Haya sikuyapata kitabuni. Niliyapata nikiwa nimekaa kwenye kigoda Katumba, nikimsikiliza mtu aliyewahi kuokoka kwa kuficha kwamba anajua kusoma.

Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu hawa wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mzee alinionyesha chake, ndani ya mfuko wa plastiki. Alilisoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi.

Sitalike

Kusini mwa Mpanda, Sitalike ni kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi viboko hupatikana pale pale mtoni. Mto Katuma ukikauka hubaki madimbwi ya tope, na mamia yao hujazana humo mgongo kwa mgongo, wakipiga miayo na kugombana. Mamba hujichimbia mapango kwenye kingo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471 ambazo wageni wachache sana huzifikia. Mbele yako ni mbuga ya njano hadi ukingo wa milima, na nyati wengi mno kuhesabika.

Jina la hifadhi ni la mzimu. Katavi, wazee husimulia, alikuwa mwindaji mashuhuri, na roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa lenye jina lake. Watu huacha sadaka pale na kuomba. Kijana wa kijiji aliyenisindikiza alinieleza adabu ya mahali hapo kwa maneno machache: unasalimu, unaeleza haja yako, unaondoka. Huulizi yuko sehemu gani ya mti, wala alitoka wapi, wala anafanya nini usiku.

Ndipo nikaitimiza ahadi yangu kwa ustadhi. Marabi waliuliza kwa nini Torati inaanza na beti, herufi ya pili, na si alefu. Wakajibu kwa kutazama umbo lake: beti imezibwa pande tatu, imeachwa wazi mbele tu. Basi usichunguze kilicho juu, wala kilicho chini, wala kilichokuwa kabla. Anza ulimwengu ulipoanzia, usonge mbele. Walikuwa na sababu ya kuonya. Wanne kati yao, wanasimulia, waliingia katika bustani ya mafumbo. Ben Azzai alichungulia akafa, Ben Zoma alichungulia akarukwa na akili, Elisha ben Abuya akaikata imani yake, na Akiva peke yake aliingia kwa amani akatoka kwa amani. Sisemi kwamba mkwaju wa Katavi na bustani ile ni kitu kimoja. Nasema nilimwelewa kijana yule upesi kuliko ambavyo ningemwelewa bila beti.

Karema

Barabara ya magharibi inashuka kutoka kwenye miombo, na ghafla Ziwa Tanganyika linajaza upeo wote, milima ya Kongo ikiwa mstari wa bluu ng'ambo. Karema ni mji mdogo wenye historia kubwa. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga hapa kituo cha shirika la Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Ngome ilijengwa karibu na maji, lakini ziwa lilikuwa linashuka miaka ile, baada ya kuvunja njia yake kupitia mto Lukuga, na leo unatembea kwa mguu kutoka kuta za kale hadi ufukweni. Huko sasa kuna bandari mpya, na kando yake wavuvi wanaanika dagaa kwenye mchanga.

Mtu wa Karema ninayempenda zaidi ni Adrien Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa jangwani na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 katika kijiji kimoja! Vizazi vyote vya mwambao huu vilipita mikononi mwake, na bado wazee hulitaja jina lake kwa sauti ya heshima.

Jioni nilikula migebuka ya kukaanga, iliyokandwa ndimu na chumvi, pamoja na katekista mstaafu mwenye miaka zaidi ya themanini. Miaka ya 1970 alikuwa mwalimu wa kisomo. Vijana wa leo hawajui ilikuwa kazi gani ile: mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba zaidi ya asilimia 90 wanajua. Alifundisha wavuvi mchana, kwa kuwa usiku walikuwa ziwani. Mikono iliyozoea kasia ilivunja kalamu.

Nikamwambia kwamba Akiva alikuwa mwanakisomo. Alikuwa mchungaji wa mifugo asiyejua hata alefu, mpaka alipofika miaka arobaini akaona jiwe kisimani lililotobolewa na matone ya maji, akawaza kwamba ikiwa kilicho laini kimelishinda kilicho kigumu, moyo wake nao utashindwa na maneno. Alikwenda kwa mwalimu wa watoto pamoja na mwanawe mdogo. Mmoja akashika upande huu wa ubao, mwingine upande ule, wakaandikiwa alefu na beti. Mtu huyo ndiye aliyekuja kufasiri vitaji vya herufi. Katekista alifurahi mno. "Arobaini? Mimi nilikuwa na mmoja wa hamsini na nane," akasema, na kunieleza siku mvuvi huyo aliposoma jina la mtumbwi wake mwenyewe, ambalo mwanawe alikuwa amelipaka miaka sita kabla bila kumwambia lilikuwa nini.

Kisha akaleta Biblia. Nilimfungulia Mithali 31, sifa za mke mwema kuanzia aya ya 10: aya 22, kila moja katika Kiebrania ikianza na herufi yake, alefu hadi tavu. Zaburi 119 ina aya 176, nane kwa kila herufi. Maombolezo sura ya kwanza, aya 22 tena. Mji umeungua, na anayelia analia kwa mpangilio wa alfabeti. Alizihesabu kwa kidole kama ustadhi wa Mpanda alivyofanya. Akataka kuona zilivyo, na nilipofika gimeli na daleti nikampa maelezo ya wale watoto wa Talmudi, nikitegemea atayapenda kama mama wa Katumba.

Hakuyapenda. "Mguu wa huyu wa kwanza ni sawa," alisema. "Huyu wa pili ageuke."

Nilimweleza habari ya aibu, kwamba maskini ameangalia pembeni ili asidhalilike.

"Aibu ni ya anayekula peke yake, mwanangu. Maskini ana aibu gani? Asipomwona aliyempa, atamwombea nani? Na kesho akipata samaki, atampelekea nani?"

Nilimtetea daleti kwa kadiri nilivyoweza, nikamtaja mjane wa Katumba na bakuli lililopita nyuma ya migomba. Akasema mjane huyo anajua vizuri bakuli ni la nani, na siku moja atalirudisha likiwa na kitu ndani. Tulibishana mpaka taa za wavuvi zilipoenea ziwani, na sikumshinda. Mwishowe aliniagiza nimchoree herufi zile mara mbili kwa ukubwa: kwanza kama zilivyo, kisha daleti akiwa amegeuka. Akaikunja karatasi, akaitia katika Mithali 31, akasema Jumapili baada ya misa ataipeleka kwenye jumuiya yao, wamsikilize kwanza, halafu waamue.